Shajara ya mradi: kuhesabu MAO-B ya ubongo kwa PET, kutoka laptopu moja Tanga

Tarehe 2 Februari

Naanza leo. Nataka kuandika skripti ya Python ya kuigiza kipimo cha PET, ile skani inayofuatilia dawa ya mionzi ndani ya mwili, cha kimeng'enya kinachoitwa MAO-B kwenye ubongo wa mtu aliye hai, sio panya, sio ubongo wa maiti uliokatwa vipande, mtu mzima amelala kwenye mashine anapumua na ukimuuliza jina anakujibu. Mashine sina, data ya mgonjwa sina, nina laptopu, fomula, na jioni baada ya kazi mpaka usingizi unishinde.

Kwanini MAO-B? Babu yangu ana Parkinson, mwaka wa nne sasa, na kati ya vidonge vyake kimoja ni selegilini, ba'mdogo anamtumia kutoka Muscat. Mwezi uliopita nikawa nasoma habari za traisa, yani zile dawa za mionzi wanazochoma mshipani kidogo sana ili kufuatilia kitu mwilini, nikakutana na jina L-deprenili, nikadhani ni dawa nyingine kabisa, kumbe ndio selegilini hiyohiyo, molekuli moja majina mawili. Nikakaa nikakiangalia kile kidonge cheupe kwenye kiganja cha babu kinavyotetemeka na mkono wake, nikasema haya, hiki lazima nikielewe.

Kwa kifupi inavyokwenda. MAO-B kazi yake mojawapo ni kuivunja dopamini, ile kemikali ya ubongo inayopungua kwa mtu mwenye Parkinson. Selegilini inaingia, kimeng'enya kinadhani ni chakula kinaanza kuitafuna, na katikati ya kutafuna kinaganda nayo moja kwa moja, hakiachii tena, kama mtu aliyeshika fenesi bila kupaka mafuta mkononi ulimbo ukamnasa, isipokuwa ulimbo huu hautoki kwa mafuta ya taa wala kwa chochote. Kimeng'enya hicho ndio kimekufa. Sasa ukiweka kaboni-11, yani kaboni yenye mionzi, kwenye hiyo molekuli, kila kimeng'enya kinachoganda nayo kinakuwa na taa. Kaboni-11 inatoa positroni, chembe kama elektroni ila yenye chaji chanya, positroni inakutana na elektroni, vyote viwili vinapotea na kutoa miale miwili ya keV 511 kila mmoja unaelekea upande wake kinyume, mashine ya mviringo inaidaka yote miwili kwa pamoja na inajua imetokea kwenye mstari gani.

Joanna Fowler na wenzake wa maabara ya Brookhaven kule New York ndio walioonyesha hilo kwa binadamu, wakachapisha kwenye Science mwaka 1987, MAO-A, kimeng'enya ndugu yake, kwa dawa nyingine inayoganda hivohivo inayoitwa klorijilini, na MAO-B kwa deprenili. Kilichonigusa zaidi ni walivyohakikisha. Walitumia pia D-deprenili, molekuli ileile lakini imegeuzwa kama kandambili ya kulia na ya kushoto, kimeng'enya hakiipendi, na kweli ile ya D iliingia kwenye ubongo ikatoka zake, ya L ikabaki. Hapo unajua kwamba kinachowaka ni kimeng'enya chenyewe, sio dawa imenasa tu kwenye mafuta ya ubongo.

Tarehe 5 Februari

Modeli imekaa. Namba tatu tu: K1 ni kasi ya traisa kuingia kwenye ubongo kutoka kwenye damu, k2 ni kasi ya kurudi kwenye damu, k3 ni kasi ya kunaswa na kimeng'enya. Ya nne, kuachiwa, ni sifuri, maana haiachiwi. Kwa sehemu yenye MAO-B nyingi, thalamasi iliyo katikati ya ubongo kwa mfano, nimechagua mwenyewe K1 0.5, k2 0.1, k3 0.8, ni namba za kuchezea sio za mtu fulani, lakini zinatosha kuonyesha tabia. Kinachonaswa mwishoni kwa kila dakika ni K1 mara k3 gawanya kwa k2 jumlisha k3. Mtafiti anaitwa Patlak mwaka 1983 alionyesha namna ya kuitoa namba hiyo kwenye mteremko wa mstari ulionyooka, nimeiweka hiyo pia, mistari kumi na mbili tu ya skripti.

Tarehe 9 Februari

Grafu ya thalamasi inapanda. Dakika 20 inapanda, dakika 40 inapanda, dakika 60 bado inapanda na inazidi kukaza mwendo. Mwanzoni nilifurahi, nikajiambia si ndio kunaswa kwenyewe huku. Lakini usiku nimelala nikawaza, inanaswa kutoka wapi wakati damu yangu ya kuigiza dakika ya 60 karibu haina kitu? Mtu hawezi kuendelea kujaza ndoo wakati bomba limekatika.

Tarehe 10 Februari

Nimelipata. Kaboni-11 nusu-uhai wake ni dakika 20.4, maana yake kila dakika 20.4 inabaki nusu. Mimi kwenye kusahihisha upungufu wa mionzi nilisahau kuweka logi ya 2, nikagawa muda kwa 20.4 nikaiingiza kwenye eksponenti hivohivo. Dakika ya 60 inatakiwa iwe imebaki asilimia 13 ya mionzi, skripti yangu ikawa inaamini imebaki asilimia 5 tu, kwa hiyo inapandisha kila kitu karibu mara mbili na nusu zaidi ya inavyostahili. Mstari mmoja. Sasa grafu inapanda haraka dakika chache za mwanzo af inalala, na hivo ndivo inavyotakiwa.

Hizo dakika 20 ndio zinazowatesa watu wa maabara pia, na wao wanatesekea mikono sio skripti. Wanapiga gesi ya naitrojeni kwa protoni kwenye siklotroni, mashine kubwa ya kukimbiza chembe, wanapata kaboni-11, wanaigeuza kwa kemia mpaka iweze kubandikwa kwenye molekuli, wanasafisha, wanapima ubora, wanakimbiza kwa mgonjwa, na muda wote huo inayeyuka mikononi mwao kama barafu ya mchuuzi wa samaki saa saba mchana. Ndio maana traisa ya kaboni-11 inahitaji siklotroni jengo hilohilo, huwezi kuagiza.

Tarehe 16 Februari

Leo nimefanya jaribio lililonifanya nianzishe mradi: ukipunguza MAO-B, picha inaonekanaje?

Mwaka 1996 timu hiyohiyo ya Brookhaven walichapisha kwenye Nature kwamba wavuta sigara wana MAO-B ya ubongo pungufu kwa asilimia 40 ukilinganisha na wasiovuta au walioacha. Kubwa sana hiyo, na haitokani na nikotini yenyewe, ni vitu vingine vya kwenye moshi. Basi nikachukua k3 yangu ya 0.8 nikaipunguza kwa asilimia 40, ikawa 0.48, nikaendesha.

Kinachonaswa kimetoka 0.444 kikawa 0.414. Asilimia 7 tu! Nimeondoa karibu nusu ya kimeng'enya na picha haijastuka. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea tena. Sijakosea. Hesabu ya mkono kwenye karatasi inatoa kitu kilekile.

Tarehe 22 Februari

Nimeenda kwa babu Chumbageni. Shikamoo babu, marahaba mke wangu, mbona macho mekundu, nikamwambia silali kwa sababu ya kidonge chako, akacheka mpaka kikombe cha kahawa kikamwagika kidogo kwenye sahani.

Nikajaribu kumweleza. Babu alikuwa anachuuza samaki soko la Deep Sea hapa Tanga miaka thelathini, nikatumia lugha yake. Nikamwambia chukulia mashua ndio damu, samaki ndio dawa, wanunuzi pwani ndio vimeng'enya. Samaki akikosa mnunuzi anarudishwa kwenye barafu anapelekwa soko lingine. Mi nataka kujua wanunuzi wako wangapi, lakini siruhusiwi kuwahesabu, naruhusiwa kuhesabu samaki waliouzwa tu.

Akafikiri, akaweka kikombe chini kwa mikono miwili, hata hakuniachia nimalize. Akasema hiyo haitakusaidia kitu siku wanunuzi wamejaa. Wakijaa, kila samaki anayeshuka anachukuliwa hapohapo, ukipunguza nusu yao waende nyumbani bado samaki wote watauzwa, utahesabu yaleyale. Halafu akaongeza: na msimu wa kusi je? Bahari chafu, mashua hazitoki, samaki wameuzwa wachache, wewe na hesabu yako utasema wanunuzi wamepungua, kumbe wanunuzi ni walewale wamekaa kwenye kivuli cha mkungu wanasubiri.

Nimeandika maneno yake kwenye simu hapohapo asinione machozi.

Tarehe 23 Februari

Nimeliweka kusi la babu kwenye skripti. Nimepunguza mtiririko wa damu kwa asilimia 30, K1 imekuwa 0.35 na k2 0.07 kwa sababu zote mbili zinakwenda na damu, kimeng'enya sijakigusa hata kidogo. Kinachonaswa kimeshuka kutoka 0.444 hadi 0.322, yani asilimia 28.

Weka pamoja hizo mbili. Kimeng'enya kupungua asilimia 40, picha inashuka 7. Damu kupungua asilimia 30, picha inashuka 28. Kwa maneno mengine, kwenye thalamasi yangu hii, deprenili ya kawaida inapiga picha ya mtiririko wa damu na kuandika juu yake jina la MAO-B. Na hawa wazee wenye Parkinson, mtiririko wa damu kwenye ubongo si lazima uwe sawa na wa kijana, kwa hiyo hatari ya kudanganyika ipo palepale unapotaka kupima.

Tarehe 1 Machi

Jibu la Brookhaven ni zuri mno, nataka niliandike taratibu.

Traisa inanaswa haraka mno. Basi fanya inaswe polepole. Lakini ukibadilisha molekuli si itakuwa dawa nyingine na tabia nyingine? Walichofanya ni kwamba walitafuta mahali hasa kimeng'enya kinapouma, kuna kaboni moja yenye haidrojeni mbili na MAO-B inaanza kwa kung'oa haidrojeni hapo, wakazitoa hizo haidrojeni mbili wakaweka deuteri, ambayo ni haidrojeni ileile ila nzito maradufu. Umbo lilelile, ukubwa uleule, inaingia kwenye ubongo vilevile, lakini kifungo cha kaboni na deuteri ni kigumu zaidi kukivunja, kimeng'enya kinatumia muda mrefu zaidi kutafuna. Walionyesha kwanza kwa nyani mwaka 1988, af 1995 wakalinganisha traisa zote mbili kwa binadamu, na tangu hapo hiyo ya deuteri ndio iliyotumika kwenye kazi kama ile ya wavuta sigara.

Kwa lugha ya Deep Sea, hawajapunguza wanunuzi wala hawajagusa mashua, wamepandisha bei kidogo ili kila mnunuzi asimame abishane kwanza. Wakibishana, samaki wengine wanarudi kwenye barafu, na hapo idadi ya wanunuzi inaanza kuonekana kwenye hesabu.

Na kuna uthibitisho wa bure ndani yake ambao naupenda kuliko yote: kama deuteri mahali pale inapunguza kunaswa, basi kunaswa kwenyewe kunasababishwa na kimeng'enya kuvunja kifungo kilekile. Kitu kingine chochote kingekuwa kinashika traisa kisingejali deuteri.

Nimechukua kwamba deuteri inapunguza kasi mara 5, namba yangu tena. k3 ikawa 0.16, kinachonaswa 0.308. Nikamtoa mvuta sigara wangu asilimia 40, kikawa 0.245. Imeshuka asilimia 20! Kutoka 7 hadi 20, kwa kubadilisha haidrojeni mbili. Nimempigia mama simu saa tano usiku, kaniambia nikalale.

Tarehe 4 Machi

Furaha imepungua. Nimeliendesha kusi kwenye traisa ya deuteri pia. Damu pungufu asilimia 30, kimeng'enya salama, kinachonaswa 0.243, imeshuka asilimia 21.

Ishirini na ishirini na moja. Mvuta sigara na mzee mwenye damu kidogo wanatoa jibu moja. Ukiangalia picha ya mwisho tu huwatofautishi hata ukikodoa vipi, kwa hiyo deuteri peke yake haitoshi.

Nimekaa nayo siku mbili, nikachora grafu zote mbili dakika kwa dakika juu ya moja. Mwishoni zinakaa karibu, lakini angalia dakika tano za mwanzo! Mvuta sigara anapanda kwa kasi kama mtu wa kawaida kabisa, mpaka kileleni, af anashuka zaidi kabla ya kutulia, kwa sababu dawa imeingia vizuri ila imekosa wa kuishika. Mwenye damu kidogo anapanda taratibu tangu mwanzo. Umbo ndilo linalosema, sio urefu. Ndio maana wale watu wanamlaza mtu na kuanza kupiga sekunde ileile sindano inapoingia, na wanaweka mpira kwenye ateri ya kifundo cha mkono kuchota damu kila baada ya sekunde chache, wanaisafisha kutoa mabaki, maana deprenili mwilini inavunjika inatoa methamfetamini yenye kaboni-11 ileile, na hiyo sio traisa tena ila inawaka sawa. Ni kazi chungu kwa anayelala pale. Sikuwa nalijua hilo nilipokuwa natazama zile picha za rangi.

Wakishapata umbo wanatoa kitu wanakiita lamda-k3, ni K1 gawanya k2 halafu mara k3, na K1 na k2 zikipanda au kushuka pamoja na damu zinafutana zenyewe. Kwangu: mtu wa kawaida 0.8, wa kusi 0.8, mvuta sigara 0.48. Asilimia 40 yote imerudi, na kusi limepotea kabisa kwenye hesabu.

Tarehe 15 Machi

Wiki hii sijagusa skripti kama nilivyopanga. Vidonge vya babu viliisha tarehe 22 mwezi uliopita, siku ileile niliyokuwa naye na hakusema, mzigo kutoka Muscat umekwama njiani, na hapa duka tulizoulizia hazina. Leo siku ya 21. Mama hali chakula, anasema ugonjwa utarudi wote kwa mpigo.

Nikarudi kwenye kazi ya Fowler na wenzake ya mwaka 1994. Walipima kwa PET ubongo wa watu walioacha selegilini, wakaona MAO-B inarudi polepole, nusu inarudi kwa siku 40 hivi. Inachukua muda kwa sababu vile vilivyoganda vimekufa, seli inabidi itengeneze vipya kimoja kimoja. Nikaweka kwenye skripti yangu: siku 21, kama mwanzo vilikuwa vimefungwa karibu vyote, vimerudi asilimia 30 tu. Asilimia 70 bado vimefungwa na vidonge alivyomeza mwezi wa pili. Siku ya 80 ingekuwa vimerudi 75.

Nikamwonyesha mama grafu. Nikamweleza pia kwamba hii ni hesabu ya kimeng'enya, sio ya mkono wa babu, na dawa zake zile nyingine kamwe asiruke hata siku moja, zile hazina akiba kama hii. Tukampigia daktari wake pamoja, akatuambia cha kufanya wiki hii. Mama alikula. Nimesoma makala nyingi mwaka huu, hiyo ya siku 40 ndio pekee iliyowahi kukaa mezani kwetu karibu na sahani ya wali.

Tarehe 29 Machi

Mzigo umefika Jumatano. Babu kavihesabu vidonge mwenyewe kimoja kimoja kwenye kile kisahani cha kahawa.

Mradi: nimeongeza kelele, yani ile hali ya kwamba dakika za mwisho mionzi imebaki kidogo na mashine inadaka miale michache, kwa hiyo kila nukta ya grafu inatikisika. Deprenili ya kawaida kwenye thalamasi, k3 inarukaruka ovyo kila ninapoendesha, haikamatiki. Ya deuteri inatulia vizuri, lamda-k3 ndio inatulia zaidi. Kwenye koteksi, tabaka la nje la ubongo, ambako nimeweka k3 ndogo zote mbili zinakwenda, tofauti ni ndogo, kwa hiyo tatizo kweli ni la sehemu zenye wanunuzi wengi.

Nimeanza pia kusoma SMBT-1, traisa ya MAO-B ya florini-18, yani florini yenye mionzi, iliyotoka chuo cha Tohoku, Japani. Ilizaliwa kwenye kosa: walikuwa na traisa inaitwa THK5351 ya kupiga picha ya protini ya tau kwa wagonjwa wa Alzheimer, mwaka 2017 watafiti wakawapa wagonjwa miligramu 10 za selegilini, kidonge cha babu kabisa, na mng'ao ukashuka sana, ikajulikana sehemu kubwa ya walichokuwa wanakiona ni MAO-B. Wakaigeuza molekuli makusudi iende kwenye MAO-B. Hiyo inashikwa na kuachiwa, haigandi, kwa hiyo modeli yangu inahitaji namba ya nne. Na florini-18 nusu-uhai wake ni karibu dakika 110, inasafirika. Siklotroni ipo Nairobi, hospitali ya Aga Khan wanatengeneza florini-18 ya kupimia saratani. FDG yenyewe, ile sukari yenye florini-18 ya kupimia saratani, ya kwanza kuchomwa binadamu, Agosti 1976, ilitengenezwa Brookhaven ikapelekwa Philadelphia kwa ndege. Nimepiga hesabu, ukipoteza saa mbili njiani unabaki na asilimia 47.

k4, ile namba ya nne ya kuachiwa, naanza kuiandika kesho asubuhi. Grafu ya kusi na mvuta sigara nimeichapisha kubwa, karatasi mbili zimeunganishwa kwa gundi, babu ameomba ibandikwe ukutani upande anaolalia.